Jinsi ya Kuogelea Kwenye Bwawa la Paa la Marina Bay Sands, Singapuri: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa likizo malalamiko ni yaleyale. Mtu kafika Singapuri, kanunua tiketi ya kupanda juu ya Marina Bay Sands, kavaa nguo ya kuogelea chini ya suruali, kapanda lifti hadi juu, na safari yake ikaishia kwenye uzio. Bwawa analiona kwenye simu ya jirani, si kwa macho yake.

Tiketi ile si bandia wala hakuna aliyemdhulumu. Ni tiketi ya roshani ya kutazamia mji, na roshani haina njia ya kuingilia bwawani. Bwawa ni la wageni waliolala hotelini tu. Ukilielewa hilo, kazi inayobaki ni kulipia usiku mmoja na kuutumia vizuri, maana wapo pia waliolipa, wakaingia majini saa sita mchana pamoja na umati, wakaondoka wakisema bwawa halina lolote.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Kwenye barua za hoteli saa 12 asubuhi itaandikwa 06:00 na saa 2 usiku itaandikwa 20:00. Soma mara mbili kabla ya kupanga.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti ya kila mtu atakayelala chumbani, watoto wakiwemo.
- Kadi ya benki ya plastiki, yenye jina lako, na yenye salio linalozidi bei ya chumba. Hoteli huzuia amana juu ya bei, na mapokezi hutaka kuiona kadi yenyewe. Kadi pepe ya kwenye simu inaweza kukukwamisha hapo.
- Uthibitisho wa chumba wenye jina la hoteli, tarehe na idadi ya wageni.
- Nguo ya kuogelea ya kitambaa cha kuogelea. Fulana ya pamba, kanga au kaptula ya jinzi hunywa maji, huwa nzito na humwaga nyuzi kwenye vichujio. Wanaovaa mavazi ya stara wachukue yale yaliyoshonwa mahsusi kwa kuogelea.
- Mfuko wa simu usiopitisha maji, wenye kamba ya kuvaa shingoni.
- Krimu ya kuzuia jua. Singapuri iko kaskazini kidogo tu mwa ikweta, na juu ya paa kivuli ni kidogo.

Taulo usibebe. Zipo bwawani.

## Hatua ya 1: Lipia chumba, na kiwe cha hoteli hiyohiyo

Hakuna tiketi ya siku moja ya bwawa hili. Wakala akikuuzia "kifurushi cha bwawa" bila chumba, anakuuzia roshani ya kutazamia kwa jina lingine, au anakuuzia hewa.

Kosa la pili ni la majina. Eneo lote linalozunguka ghuba hiyo huitwa Marina Bay, na hoteli nyingine hubeba jina hilo. PARKROYAL COLLECTION Marina Bay, kwa mfano, ni hoteli nzuri yenye bwawa lake, lakini siyo yenye paa lile linalofanana na merikebu juu ya minara mitatu. Unayoitaka ni Marina Bay Sands, anwani 10 Bayfront Avenue. Kama anwani hiyo haipo kwenye ukurasa unaolipia, simama hapo.

Andikisha kila mtu. Mlangoni pa bwawa kuna mageti yanayofunguliwa kwa kadi ya chumba, na idadi ya kadi hufuata idadi ya wageni walioandikishwa. Familia ya watu wanne inayolipia wawili ili kubana matumizi hugundua getini kwamba wawili watabaki nje. Mapokezi wanaweza kuongeza jina kwa malipo, lakini chumba kina kikomo chake cha watu, na siku ambayo hoteli imejaa chumba kikubwa zaidi huenda kisipatikane.

Umefaulu ikiwa: uthibitisho wako una jina Marina Bay Sands, anwani ya Bayfront Avenue, na idadi kamili ya watu wa safari yako.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kabla ya kuchagua chumba

Bwawa ni lilelile kwa aliyelala chumba cha chini kabisa na aliyelala kwenye jumba la kifahari. Kama shabaha yako ni bwawa, chukua chumba cha bei ya chini kuliko vyote. Mandhari ya dirishani hulipiwa zaidi, na wewe utakuwa juu ya paa ukiyatazama yote bila nyongeza.

Kinachobadilisha bei kweli ni tarehe. Epuka wiki ya mashindano ya magari ya Formula 1, ambayo hufanyika Septemba au mwanzoni mwa Oktoba katika barabara zilizo jirani kabisa na hoteli. Epuka pia mkesha wa Mwaka Mpya, Mwaka Mpya wa Kichina, na siku zinazozunguka tarehe 9 Agosti, sikukuu ya taifa. Siku hizo utalipa zaidi na kugombea nafasi kwenye ukingo.

Jumapili hadi Alhamisi ndiyo afadhali. Wengi hulala hapa usiku mmoja tu, na wikendi huwavuta hata wenyeji wa Singapuri wanaosherehekea siku za kuzaliwa.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya bei yote

Hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika. Vyumba vya Marina Bay Sands mara nyingi huvuka dola 600 za Singapuri kwa usiku, na bei inayoonekana kwanza si lazima iwe ya mwisho. Ukiona alama mbili za kujumlisha mbele ya bei (++), ujue bado hujaongezewa malipo ya huduma ya asilimia 10 na kodi ya bidhaa na huduma, GST, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 9.

Tena kodi hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuwekewa malipo ya huduma. Tuseme chumba kimeandikwa dola 700++. Weka huduma, inakuwa 770. Weka kodi, inakuwa 839.30. Karibu dola 140 zimeongezeka, na bado hujanywa hata soda.

Kisha kuna amana. Hiyo si gharama, ni fedha inayozuiwa kwenye kadi hadi uondoke. Ila kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kurudi kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa za kazi. Usiitegemee kwa nauli ya kesho yake.

Vinywaji na chakula cha pembeni mwa bwawa navyo vina huduma na kodi juu yake. Kula kwanza chini.

Umefaulu ikiwa: unajua jumla ya mwisho kwa dola za Singapuri, na kadi yako ina zaidi ya hiyo.

## Hatua ya 4: Kuingia nchini na kufika hotelini

Jaza fomu ya kuwasili, SG Arrival Card, kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya Singapuri ndani ya siku tatu kabla ya kuwasili. Ni bure. Tovuti inayokudai malipo ya fomu hiyo si ya serikali.

Ukitoka au ukipitia nchi yenye hatari ya homa ya manjano, beba cheti cha chanjo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuchanja juzi na kuruka leo hakusaidii. Sigara za kielektroniki acha nyumbani. Nchini humo ni marufuku, na faini zake si za mzaha.

Toka uwanja wa ndege wa Changi kwa treni. Shuka Expo, kituo cha kwanza baada ya uwanja, hamia treni ya Downtown Line, teremka Bayfront. Kituo hicho kiko chini ya majengo ya Marina Bay Sands yenyewe, na unalipa kwa kugusisha kadi ya benki getini. Mizigo ikiwa mingi, teksi.

## Hatua ya 5: Mapokezi

Vyumba hukabidhiwa alasiri, na foleni ya saa hizo ni ndefu. Fika mapema, acha mizigo, uliza kama unaweza kukamilisha usajili na kupewa kadi kabla chumba hakijawa tayari. Jibu hutegemea wingi wa wageni wa siku hiyo, lakini asiyeuliza hapewi.

Kabla ya kuondoka mezani, hesabu kadi. Moja kwa kila mwogeleaji. Uliza pia mambo mawili: saa za bwawa kwa siku hizo mbili, na kama utaruhusiwa kuogelea baada ya kurudisha chumba. Kanuni hizi hubadilika, na aliyesoma maelezo ya miaka iliyopita ndiye hupata mshangao.

## Hatua ya 6: Ingia mara mbili, usiku na alfajiri

Hii ndiyo hatua inayotenganisha aliyefurahi na aliyejutia fedha zake, kwa hiyo tulia nayo.

Usiku mmoja hotelini unakupa machweo ya siku ya kwanza na macheo ya siku ya pili. Mchana wa katikati waachie wengine. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni viti vya kulalia vimejaa, jua linachoma, na ukingo umepangwa watu bega kwa bega, kila mmoja na simu yake juu.

Jioni. Singapuri hutumia saa inayotangulia ile ya Afrika Mashariki kwa saa tano, na huko jua huzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima, likitofautiana kwa dakika chache tu. Ukingo wa bwawa unatazama mjini, upande wa magharibi, hivyo jua linazama mbele yako nyuma ya maghorofa ya benki. Panda saa 12 jioni. Wengi huanza kutoka mara jua likishazama wakidhani tamasha limekwisha. Kaa. Nusu saa inayofuata anga ni buluu iliyoiva na taa za mji zimewaka, na kwa maoni yangu hakuna saa nyingine ya jioni inayoikaribia.

Kisha vuka upande wa pili wa paa, kwenye mabwawa madogo ya maji moto yanayoelekea bustani ya Gardens by the Bay na bahari yenye meli zilizotia nanga. Saa 1:45 na saa 2:45 usiku ile miti mikubwa ya chuma ya bustanini huwashwa taa zinazocheza na muziki. Muziki hautausikia vizuri kutoka juu, ila taa utaziona zote.

Onyesho la maji na taa la Spectra, linaloanza saa 2 na saa 3 usiku, na saa 4 pia siku za Ijumaa na Jumamosi, usilifuate juu. Limetengenezwa kutazamwa kutoka ukingo wa ghuba chini, mbele ya hoteli, na ni bure. Kutoka bwawani utaona miale tu ikipita.

Alfajiri. Bwawa hufunguliwa saa 12 asubuhi, na saa hiyo bado ni giza kwa sababu jua huchomoza karibu saa 1. Lala mapema, amka saa 11:30, vaa joho la chumbani na ndara, panda. Lifti za hoteli hii zimezoea watu wa majoho. Utapata karibu saa nzima ya mji wenye taa, kisha mapambazuko nyuma ya mgongo wako, kisha jua la kwanza likiyapiga maghorofa ya mbele yako.

Wale watakaokuja na kamera wapo hata saa hiyo, lakini ni wachache, na kila mmoja ana nafasi yake.

Umefaulu ikiwa: kuna dakika kadhaa umeegemea ukingo na jirani wa karibu hawezi kukugusa kwa mkono.

## Hatua ya 7: Ukiwa majini

Bwawa lina urefu wa takribani mita 150, liko ghorofa ya 57, karibu mita 200 kutoka ardhini. Namba hizo huwafanya baadhi ya watu kusimama katikati wakiogopa kusogea. Sogea. Ukuta wa ukingo umekatwa usawa wa maji ili maji yamwagike juu yake, na nje ya ukuta, chini kidogo, kuna mfereji mpana unaoyapokea maji hayo ili pampu ziyarudishe bwawani. Picha zinazoonyesha mtu akining'inia juu ya mji zinaficha mfereji huo makusudi kwa pembe ya kamera. Chini yako kuna sakafu, si barabara.

Usipande juu ya ukuta, hata hivyo. Una utelezi, na wahudumu watakupigia filimbi mbele ya watu wote.

Maji ni ya kina kifupi, ya kufika kifuani au kiunoni kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida. Asiyejua kuogelea ataweza kutembea hadi ukingoni. Mtoto mdogo hataweza, na macho ya mhudumu si macho ya mzazi. Anayetaka kuogelea kwa mazoezi atachoka kukwepa watu. Hili ni bwawa la kusimama na kutazama.

Ncha mbili za bwawa huwa tulivu kuliko katikati. Ipo pia sehemu iliyotengwa kwa watu wazima, uliza iko wapi.

Upepo wa juu ni wa kweli. Ukitoka majini alfajiri utatetemeka hata kama chini ni joto la kutoa jasho, kwa hiyo joho liweke kwenye kiti cha karibu.

## Onyo la radi

Singapuri ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi duniani. Hatari ya radi ikitangazwa, bwawa lote hutolewa watu mara moja, hata kama kwako anga bado ni nyeupe. Hakuna kujadiliana, na fedha ya chumba hairudi.

Ngurumo za alasiri huzidi Aprili na Mei, na tena Oktoba na Novemba. Kati ya Aprili na Novemba kuna pia tufani fupi zinazotoka upande wa Sumatra, ambazo hupenda kupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Ndiyo maana nimesema uingie mara mbili: ikiharibika jioni, una alfajiri, na kinyume chake. Pakua programu ya myENV ya serikali ya Singapuri. Ina taarifa za mvua na radi.

Mkitolewa, msikimbilie chumbani na kulala. Subirini karibu. Mvua za huko mara nyingi hupita haraka, na wanaorudi kwanza hupata bwawa lililokaribia kuwa tupu.

## Picha ambayo kila mtu anaitaka

Asubuhi jua liko nyuma yako na linaumulika mji. Huo ndio wakati wa picha ya uso na maghorofa pamoja. Jioni jua liko mbele ya kamera, utapata vivuli vyeusi vya watu kwenye anga la dhahabu, nao ni uzuri wa aina yake, ila uso usiutarajie.

Mpiga picha awe ndani ya maji, simu ikiwa karibu kabisa na uso wa maji. Ukipiga kutoka juu, mfereji unaonekana na siri inafichuka. Futa kioo cha mfuko wa simu kila mara, tone moja tu huharibu kila kitu. Na usitumie kijiti cha selfi kuutoa mkono nje ya ukuta. Ndege nyuki usiwaze hata kuirusha.

Piga picha zako kwa dakika kumi, kisha ifunge simu mfukoni.

## Siku ya kuondoka

Chumba hurudishwa kwa kawaida saa 5 asubuhi. Ukiingia majini saa 12, una muda wa kuogelea, kuoga, kula na kufunga mizigo bila kukimbizana. Mizigo iache kwa wahudumu wa mlangoni, tembea Gardens by the Bay, rudi uichukue.

Kama mapokezi walikuruhusu kurudi bwawani baada ya hapo, weka nguo ya kuogelea kwenye begi la mkononi, siyo kwenye sanduku lililohifadhiwa. Vyumba vya kubadilishia vyenye bafu vipo huko juu.

## Kama chumba kimeshindikana

Roshani ya kutazamia ya SkyPark inastahili bei yake, mradi unajua unachonunua, yaani mandhari bila maji. Panda kabla ya machweo, na nunua tiketi ya saa hiyo mapema kwa kuwa ndiyo inayogombewa.

Ukitaka kukaa karibu zaidi, mgahawa wa Spago uko juu ya paa hilohilo kando ya bwawa, na hupokea wasiolala hotelini. Weka nafasi kwanza, soma bei za menyu mtandaoni, na kumbuka zile nyongeza mbili, huduma na kodi. Kula hapo hakukupi ruhusa ya kuogelea.

Na kama unachotaka ni kuogelea juu ya paa ukitazama ghuba ileile, Fullerton Bay Hotel, iliyoko ng'ambo ya maji, ina bwawa la paa linaloelekea Marina Bay Sands. Nalo ni la wageni wa hoteli, na si hoteli ya bei rahisi, kwa hiyo linganisha bei za tarehe yako kwa hoteli zote mbili kabla ya kulipia. Kuna siku tofauti ni ndogo, na siku hizo ningechukua ile ya minara mitatu.